Koti la Harusi Katika Nyumba ya Msiba

Mume wangu Catello, fundi wa suti, haogopi kitu. Mimi naogopa kila kitu, na sioni haya kusema. Mwanamke amezaa mtoto mmoja tu, mtoto mwenyewe kaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha fataki kule chini ya mlima Vesuvio, huyo mwanamke ataacha kuogopa saa ngapi? Hapa Napoli fataki hulia kwa sikukuu ya mtakatifu, hulia kwa mpira, hulia mtoto akibatizwa. Kila ikilia mimi hushika kifua, na Catello hunicheka sindano ikiwa mdomoni.

Jumamosi hiyo ninayoisema, kesho yake Fiorenzo wangu alikuwa anaoa. Suti yake ilikuwa tayari kwenye chumba cha kushonea, imetundikwa chini ya shuka jeupe. Ilikuwa ya sufu, buluu iliyokoza, na bega lile letu la Kinapoli: laini, halina pamba ndani, na pale juu mkono unapoungana na bega kuna vimikunjo vidogo kama vya shati. Nyie mliozoea suti za dukani hamtanielewa. Fiorenzo ni kijana anayerudi nyumbani ananuka baruti, kucha nyeusi, shingo ameiinamisha kama anatafuta kitu chini. Siku aliyojaribishwa mara ya mwisho, koti likiwa bado lina nyuzi za bandi, zile za kushikiza kwa muda, alisimama mbele ya kioo, shingo ikanyooka yenyewe.

"Baba," akasema, "huyu ni nani?"

"Ni yule niliyekuwa namlisha miaka yote hii," Catello akamjibu. "Leo ndiyo kwanza anajitokeza."

Nilikwenda jikoni kulia. Sikutaka wanione.

Sasa, Ijumaa alikuwa amefariki Kavaliere Mormile. Cheo chenyewe cha Ukavaliere sijui alipewa na nani wala kwa lipi, lakini mtaa mzima tulimwita hivyo, kwa sababu hakuna mtanashati aliyempita. Hata kununua malimau alishuka na koti, tai na leso mfukoni. Catello alimshonea tangu sisi hatujaoana. Sufu ile ya buluu aliichagua yeye, kwa suti yake, na kipande kilichobaki kwenye jora akasema ashonewe kijana. Kitambaa kilikuwa kimoja, ila bega hawakukubaliana hata siku moja. Kavaliere alitaka bega la Kiingereza, gumu, limesimama. Vimikunjo vyetu alisema ni vya wauza samaki.

Maiti hakunji mikono, kwa hiyo koti lake hupasuliwa mgongoni, likavalishwa nusu huku na nusu huku, kisha likachomekwa chini yake. Watu wa majeneza hupitisha mkasi popote. Catello hataki mkasi wa mtu uguse kazi yake. Mteja wake akifa, hufungua mshono wa mgongo yeye mwenyewe, taratibu, uzi kwa uzi. Na hulifungua likiwa limegeuzwa, bitana nje, naye amelipa dirisha mgongo, halitazami. Alifundishwa hivyo na fundi wake, kwamba ukiutazama uso wa koti la maiti, utaishonea tena nyumba ile kabla ya mwaka kwisha. Suti ya Kavaliere ilikuwa imeletwa kutoka kwake, ikatundikwa chini ya shuka lile lile kando ya ile ya Fiorenzo. Asubuhi ile alikwenda kwenye kamba ya makoti, akashusha, akageuza, akafungua, akafunga kwenye kitambaa. Shemeji wa marehemu akaja kuchukua. Mimi nilikuwa kanisani, nabishana na padri kuhusu maua.

Mchana nikaenda kwenye msiba na birika la kahawa na sukari, kama tunavyofanya. Kioo kimefunikwa, madirisha yamefungwa nusu, wanawake wamekaa kwa kupanga mstari. Kavaliere amelala pale, nywele zimechanwa kwa mafuta yake yale yale. Titina, muuza mayai wa kwenye kona, akanisogelea sikioni.

"Mtazame, donna Ersilia. Mpaka mwisho mtu na suti yake. Utadhani kesho anaoa yeye."

Nikacheka kidogo. Nikainama nimguse mkono, na macho yangu yakapita begani kwake. Nikaona vimikunjo.

Nikatazama bega la pili, nalo lina vimikunjo. Catello hajamshonea Kavaliere bega lile hata siku moja, na Kavaliere asingelivaa hata kwa kuchapwa. Aliyelala mbele yangu na mishumaa kichwani alikuwa amevaa koti la mwanangu, limefunguliwa mgongoni, na alasiri ile lilikuwa linakwenda kuzikwa.

Titina akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni joto. Nikaliweka birika chini nikatoka.

Catello alikuwa mezani anapiga pasi tai. Nilikwenda moja kwa moja kwenye shuka jeupe nikalivuta, na koti lililokuwa chini yake lilikuwa na bega gumu, limesimama, la Kiingereza.

"Catè," nikamwambia, "umemvalisha nani koti la mwanao?"

Alikuja akaligusa bega lile kwa vidole viwili. Hakuhitaji zaidi. Akakaa juu ya meza yake ya kukatia, mahali ambapo hataki hata paka akae.

"Nililigeuza," akasema. "Sikulitazama."

"Hukulitazama! Mtu anashona koti miezi yote hiyo, analilaza kama mtoto, siku ya kulipasua ndiyo halitazami?"

"Ersì, usinipigie kelele. Najua nilichofanya."

"Hujui. Lile limekatwa kwa kifua cha Fiorenzo, kwa mikono ya Fiorenzo. Likishuka kaburini limepasuliwa kama la maiti, kaburi litasema nini? Litasema limepata ganda, sasa linataka kilichokuwa ndani. Na mwanao anashinda na baruti, Catè. Cheche moja tu."

Nilitegemea anicheke. Hakunicheka. Akanyanyuka, akalichukua koti la Kavaliere mkononi, akasema twende kabla hawajafunga jeneza.

Donna Brigida, mjane, tulimkuta jikoni. Ni mwanamke mdogo wa umbo, lakini ukisimama naye unajikuta wewe ndiye mdogo. Catello alimweleza yote, hakuficha. Akamwomba dakika chache tu: wanawake watoke, tumbadilishie, kila mtu abaki na chake.

"Hapana," akasema.

"Donna Brigida, ni mwanangu," nikasema.

"Nimesikia ni mwanao. Na Oreste ni wangu. Unajua yuko wapi leo? Yuko melini, sijui bahari gani, hata kumzika baba yake hakuwahi. Maiti aliyekwisha kuvalishwa ukimvua, anatafuta mtu mwingine wa nyumba ile ile wa kuvalishwa. Nyumba hii imebaki na nani mwingine? Nimebaki mimi na Oreste. Mimi hata akinichukua leo, sawa. Unataka nimpe Oreste?"

"Mimi nimpe Fiorenzo?"

"Mimi sikukosea koti, mama. Muulize mumeo."

Nilipiga magoti. Pale jikoni, kwenye vigae, na gauni langu la heshima. Nilimshika aproni. Aliniangalia, na nikaona kidevu kinamtetemeka, nikajua huyu mwenzangu anaogopa vile vile ninavyoogopa mimi, na kwa hiyo hatakubali. Ningekuwa yeye nisingekubali. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Chumbani watu wa majeneza walikuwa wameshaingia na mfuniko. Catello akatuacha jikoni. Tukamfuata sote wawili, mimi bado vumbi magotini.

Alisimama kando ya Kavaliere, akavua kofia. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayoitumia kumweleza mteja kwamba suruali haitakuwa tayari Alhamisi.

"Kavaliere, nisamehe. Bega hili hulipendi, najua. Lakini sikiliza. Kwangu mimi koti ni la mteja siku anapolivaa limekwisha, akajitazama, akasema nimelipokea. Kabla ya hapo ni la fundi, hata kama limekatwa kwa mwili wa mfalme. Mwanangu hajalivaa likiwa limekwisha. Hajasema. Kwa hiyo hilo ulilovaa ni koti langu, mimi Catello Aprea. Ukiwa na neno na mwenye koti, niite mimi. Nyumbani unapajua."

Halafu, kwa sababu hawezi kujizuia, akamvuta mikono ya koti kidogo ili shati lionekane vizuri, akamlaza kola. Akawaambia wale jamaa wafunge.

Titina alijipiga ishara ya msalaba. Donna Brigida alikuja akamshika Catello mkono na kuubusu, jambo ambalo sijapata kumwona akimfanyia mtu. Mimi nilisimama mlangoni na moyo uliokuwa unamlilia mwanangu, nikausikia unageuka, kama mtu anayegeuka kitandani, unamtazama baba yake.

Barabarani nilimpiga begani.

"Umejiuza."

"Nimesema sheria ya kazi yangu."

"Umemwambia maiti akuite, Catè. Kwa jina na ukoo."

"Angenijua kwa jina gani lingine?" akasema, akaendelea kutembea. Lakini mkono aliobebea koti niliuona umeloa jasho.

Fiorenzo tulimwambia bitana imechanika. Catello akashusha suti yake mwenyewe ya buluu, ile ya maandamano ya mtakatifu, akaifumua pande zote na kuikaza kiunoni, akashusha mikono, akanyanyua mgongo. Nilimpa uzi, nikamtilia pasi moto, na kila alipokohoa niliacha nilichokuwa nafanya. Kabla ya chakula cha usiku Fiorenzo akaivaa. Alijitazama, shingo ikanyooka vile vile.

"Sema," baba yake akamwambia.

"Niseme nini?"

"Sema umeipokea, mpumbavu wee."

"Nimeipokea, baba."

Namshukuru Mungu, kwa upande huo nilipumua.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa najifunga kilemba cha lesi mbele ya kioo, Catello akatokea nyuma yangu. Alikuwa amevaa koti la Kavaliere.

"Vua," nikamwambia.

"Nivae nini? Nimwozeshe mwanangu kwa koti la kazini, lenye chaki? Mimi, fundi?"

"Vaa shuka. Vaa pazia. Vua hilo."

Akanigeuza nimtazame. "Ersì, hebu fikiri. Yeye amekwenda na langu. Mimi nina lake. Tumebadilishana, kila mtu amevaa. Hatudaiani. Akija kuniuliza koti, namwonyesha, nalitunza vizuri kuliko alivyolitunza yeye. Nikilitundika tu hapo, ndiyo atakuja."

Na kibaya zaidi, lilimkaa. Kavaliere alikuwa amekonda ule mwaka wake wa mwisho, mpaka wakawa wamelingana, na sote hatukugundua. Bega lile gumu lilimwinua mume wangu, likampa kifua, likamtoa mgongo wa mtu anayeinamia meza tangu utotoni. Nimeishi na mwanamume yule nikiwa sijui kwamba ni mrefu. Nilimtazama nikampenda na nikaogopa kwa wakati mmoja, sikujua kipi kinatangulia.

Njiani kila mtu alimsimamisha. "Don Catè, leo umempita bwana harusi." "Don Catè, nani kakushonea?" Naye anajibu, anapinda mkono waone kitambaa, anajigeuza waone mgongo. Mgongo ule uliokuwa upasuliwe jana yake, ulikuwa mzima, umelala sawasawa, hauna hata mkunjo. Titina peke yake, aliyesimama na mayai yake ya zawadi, hakumsifu. Alilitazama koti, akanitazama mimi, akashusha macho.

Kanisani kijana wangu alisimama mbele na Rosalba wake, amependeza, na nje vijana wa kiwandani wakaanza kulipua fataki kwa heshima yake. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile sikushika kifua. Nilikuwa nimeshika mkono wa koti la Catello, hapo juu ya kiwiko, kwa vidole vyote vitano. Padri alisema alichosema, Rosalba akajibu, watu wakalia. Mimi nilikuwa nasikiliza pumzi ya mtu aliyekaa kando yangu, inaingia, inatoka, inaingia.

Aliinama sikioni kwangu.

"Ersì, achia. Unanikunjia sufu."

Sikuachia.