Swichi za Calist

Ritha alirudi kwenye karakana yao ya Nduguti mkono wa kushoto ukiwa bado na bandeji. Kidole kimoja hakikuwapo tena. Mashine ya kuchonga milango, waliyoiunda yeye na mdogo wake Calist, ilikiponda kwenye fremu pale kichwa chake cha kukatia kilipopitiliza mwisho wa meza.

Kabla ya ajali Calist alimhakikishia kwamba swichi za kikomo zimeshaungwa: kichwa kikigusa swichi, mashine inasimama. Ritha alifungua boksi la umeme, akafuata waya wa swichi ya kwanza. Ulipita nyuma ya bodi ya kuongozea mashine, ukaishia hapo, umezungushiwa utepe mweusi. Wa pili vilevile.

"Calist. Njoo hapa."

Alikuja, akaona boksi liko wazi, akaishia mlangoni.

"Bodi haikuja na maelezo, dada," alisema. "Matundu yake ya kuingizia nyaya hayajaandikwa kitu. Niliogopa kuiunguza."

"Kwa hiyo ukanifungia nyaya za maonyesho."

"Nilitaka kuziunga baadaye."

"Ungesema hujui. Ningekaa mbali nayo." Ritha aligeuka kumtazama. "Na hospitali ukakaa pembeni ya kitanda changu, ukasema swichi imekufa."

Ritha alimsukumia mita ya umeme kifuani.

"Pima. Tundu moja moja."

Walichomoa mota kwanza. Calist alipima; matundu yenye umeme mkubwa wakayaacha. Yaliyobaki aliyagusisha kwa zamu na waya wa hasi, kupitia rezista ndogo ya kupunguza umeme ili bodi isiungue, Ritha akitazama kompyuta ya mashine mpaka alama ya kikomo ikawaka. Hapo Calist akaunga swichi zote mbili, akakaza skrubu, akarudisha mota.

"Tayari, dada."

"Weka kidole chako pale."

Calist alitazama fremu, kisha bandeji. Mkono wake haukunyanyuka.

"Basi hujamaliza."

Calist alirudi kwenye boksi, akavuta kila waya. Mmoja ulichomoka. Aliukaza upya, akaja kuweka mkono kwenye fremu.

Ritha aliupiga kofi ukaondoka. Akaweka pale kipande cha ubao wa mninga, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kichwa kilikimbia, kikagusa swichi, kikasimama kabla ya kuufikia ubao.

Calist alishusha pumzi. "Nisamehe, dada."

"Sijafika huko," Ritha alisema. "Mama anaamini ni swichi iliyokufa. Nenda ukamwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nitakuja nyuma yako kumuuliza umemwambia nini."

Calist alivua ovaroli, akatoka.