Mwandishi Ndani ya Televisheni ya Mauwa

Jumamosi asubuhi Mauwa alikuwa anafuta vumbi televisheni yake pale Mtoni, kwenye kibanda cha gemu kilichomlisha yeye na bintiye Salma tangu aachwe na mumewe. Leonardi wa gazeti akaingia, kofia mpya kichwani. Kofia ilikuwa na jina la duka la Suhaib, yule muagizaji wa gemu wa mjini. Tangu kuagiza mali nje kuwe ruksa, kila Suhaib akishusha mzigo huwaita waandishi hotelini, wanakula biriani, wanavishwa kofia, na kabla sinia halijaondolewa habari imeshaandikwa. Na walijiita wataalamu, eti.

Safari hii Suhaib alitaka vibanda vya uswahilini vifungwe, watoto waende kwake.

"Dada, gemu zako zinaharibu watoto," alisema Leonardi.

"Umeshawahi kucheza hata moja?"

"Mie naandika, sichezi."

Haya bwana. Leonardi akainama nyuma ya televisheni atafute waya wa kulalamikia, akaingia humo ndani mwili mzima, na kofia yake. Watoto kwenye benchi walisogea wamwone vizuri, wakaendelea kucheza. Leonardi alikimbizwa na dude lenye meno, akatumbukia shimoni, akafa, akarudi. Mauwa akamuuliza kama amekula.

Sasa mtu umo ndani ya gemu, si utazame? Yale mashimo kayaweka nani? Waliotengeneza dunia nzima ile ni watu gani, wanaishije? Thubutu! Leonardi alijibanza pembeni, akaomba aitiwe mhariri wake. Gozbert, mhariri, alikuja jioni, akakaa kwenye benchi na kuandika alichoambiwa kupitia spika.

Habari ilitoka Jumatatu, ileile ya biriani, neno kwa neno. Waliongeza tu kwamba mwandishi alifika eneo la tukio.

Ofisa mtendaji wa kata akaja na mgambo, akafunga kibanda. Televisheni ilichukuliwa kama ushahidi. Ushahidi huo ulifikaje dirishani mwa duka la Suhaib, hakuna aliyeuliza, na magazeti ndiyo kabisa. Mauwa alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Sasa anakaanga mihogo mkabala na lile duka, na Salma anamenya. Leonardi bado yumo ndani ya televisheni, pale dirishani, amenenepa. Waandishi wenzake wanapanga foleni kumhoji, maana nchi nzima hakuna mwingine aliyekaa ndani ya gemu.

Mchana mmoja Leonardi alimwona Mauwa, akagonga kioo kwa ndani.

"Dada Mauwa, samahani. Kuna mtoto kaniuliza hapa. Hivi hii gemu inaitwaje?"

"Si umuulize Suhaib wako."

"Nimemuuliza. Kasema niseme ni nzuri."

"Basi sema ni nzuri," alisema Mauwa, akageuza mihogo yake.

Leonardi akasema. Kesho yake ikatoka gazetini, ukurasa wa mbele.