Hakuna Anayempima Fundi

Saa saba mchana fundi cherehani alikuwa akipiga pasi suruali ya mteja, na redio ilikuwa inaimba kwenye rafu. Aliyeiwasha ni jirani yake, mama wa binti mmoja, ambaye hupenda kukaa pale akichambua mchele. Stesheni yenyewe haikuwa na kibali na ilikuwa inakwaruza, lakini nyimbo zake ni nzuri, na redio ikiwa na nyimbo nzuri mtu hajiulizi. Nyimbo zilipoisha, mtangazaji akasema wale ambao babu zao walikuja na reli ni kupe, na kupe haombwi kuondoka.

Babu yake fundi alikuja na reli. Fundi akaweka pasi, akaitazama sketi yake inavyoburuza sakafuni.

"Nimepungua inchi moja, shoga," alisema.

Mama akazima redio. Lakini kwa kinyozi iliendelea, na kwa muuza mkaa pia, na kabla ya matangazo kwisha inchi ya pili ilikuwa imeondoka.

Fundi ana daftari la vipimo vya wateja. Akafungua ukurasa wake, akawa anajipima kila siku. Aliposhindwa kufikia pedeli akahamia cherehani ya mkono. Wateja hawakumkimbia, maana mkono wake ni safi. Walimwekea tu kitambaa chini zaidi.

"Afadhali," aliwaambia. "Gauni langu jipya litatoka kwenye vipande vyenu."

Mama alicheka naye, kisha akaenda nyumbani. Huko binti yake wa miaka saba alikuwa anaosha vyombo huku akiimba wimbo wa ile stesheni, na neno kupe limo ndani. Mama akamziba mdomo na mkono wa sabuni. Upande wa pili wa ukuta, kwa fundi, mkasi ukaanguka. Mwenye mtoto na asikilize anachoimba.

Kesho yake mama akaenda kuishtaki stesheni. Siku ya kesi alimbeba fundi mgongoni, na karani akamsimamisha juu ya meza ili aonekane. Hakimu akasoma daftari lote, pole pole.

"Nani alikupima?"

"Mimi mwenyewe, mheshimiwa. Ndiyo kazi yangu."

"Na kabla ya matangazo, nani alikupima?"

"Hakuna anayempima fundi, mheshimiwa."

Hakimu akasema bila kipimo cha mwanzo madhara hayawezi kuthibitishwa. Ila kutangaza bila kibali ni kosa, kwa hiyo stesheni iombe kibali ndani ya siku thelathini. Mwenye stesheni akasimama, akashukuru. Kwenye ngazi aliinama sana kumsalimia fundi, kwa adabu. Shati alilovaa lilishonwa na fundi.

Kibali kilitoka siku ya tisa. Wakasimamisha mnara mrefu na sauti ikaacha kukwaruza. Ikasikika hospitali, ikasikika ofisini. Na kwa kuwa sasa ni redio halali, shuleni nako wakaiwasha.

Fundi alikuwa ameshahamia mezani kwa mama, analala kwenye droo, anashona kwa sindano inayomfika kiunoni. Mchana mmoja binti akarudi mbio.

"Mama, mwalimu ametufundisha wimbo wa redio. Darasa zima tunaujua."

Mama akasimama mlangoni, mikono imeshika fremu huku na huku. 

"Kaa hapo hapo nje mpaka uusahau."

"Nitausahau vipi?"

Sauti nyembamba ikatoka mezani.

"Mwache aingie, shoga. Gauni lake sijamaliza, na nataka kumpima nikiwa bado naweza."

Mtoto akaingia, mdomo kaufumba kwa mikono miwili, akapiga magoti ili bega lifike mezani. Fundi akaiburuta tepu mpaka shingoni kwa mtoto. Mama akashika ncha ya pili, maana ilikuwa inamlemea fundi.