Maneno ya Pembeni mwa Kurasa

Mkutubi mstaafu alikiweka mezani kishikwambi cha kusomea vitabu alichoachiwa na dada yake. Kila kikiwashwa kilidai neno la siri, na aliyelijua alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

"Pole, mama," alisema mhudumu wa kampuni iliyokiuza, aliyeketi ng'ambo ya meza. "Tukikifungua, kila kitu kinafutika."

"Dada yangu ameandika humu miaka sita, pembeni mwa kurasa."

"Vitabu vyenyewe tulimkodisha tu."

"Vitabu chukueni. Na maneno yake mlimkodisha nyinyi?"

Mkutubi akakikwapua kishikwambi, akatoka amefura kwa hasira, moja kwa moja hadi kwa binti wa marehemu, fundi wa simu na redio.

"Mama mdogo, nikikosea kinakufa kabisa," fundi alimwonya.

"Kwani sasa kiko hai? Fungua!"

Fundi akabandua mfuniko, akagusanisha nukta mbili za shaba kwa kibano huku akichomeka waya wa USB uliotoka kwenye kompyuta. Alitaka kifaa kiamke kwa programu aliyoituma yeye kupitia waya, si ile ya kampuni. Mara ya kwanza kioo kilibaki cheupe. Ya pili, vilevile. Mkutubi akamshika bega. "Rudia."

Ya tatu, maandishi yakaanza kutiririka kwenye kompyuta. Fundi akashusha pumzi. "Nimeshika ruti, mamlaka yote ya ndani. Sasa mkubwa wa mashine hii ni mimi, si wao."

Wakafungua faili la kwanza. Pembeni mwa ukurasa mmoja marehemu alikuwa ameandika: *Mwandishi huyu hajafua shuka hata siku moja.* Pembeni mwa mwingine: *Mdogo wangu angebisha hapa. Naye angekosea.*

"Mwongo mkubwa!" mkutubi akapaza sauti, akacheka hadi machozi yakamlowesha shingo. Fundi naye akainamia meza, mabega yakitikisika.

Walipotulia, fundi aliuliza, "Nikirudishe kama kilivyokuwa?"

"Thubutu! Kaa hapa unifundishe. Chama chetu cha wastaafu kimejaa wafiwa wenye vifaa vilivyofungwa."

"Na kampuni ikisikia?"

"Isikie. Ikitaka iniulize, nitaieleza hatua kwa hatua."

Wiki iliyofuata mkutubi alifungua vishikwambi viwili vya wajane, akakiua kimoja, cha kwake mwenyewe alichojifunzia. Hakujuta. Akavaa miwani, akamwita anayefuata.