Mgongo wa Afisa

…wala hakuomba ruhusa, alishuka tu kwenye pikipiki, akainama kuokota kofia, akabaki hivyo hivyo ameinama, na sasa yuko kifudifudi kwenye kitanda cha wagonjwa, Bwana Gidion mwenyewe, afisa anayekagua watu wa tiba za mikono wilaya nzima, shati limepandishwa mpaka mabegani, na viganja vya Philomena vimetua kiunoni kwake kama vya mlinzi wa mali ya serikali, na kweli ni mali ya serikali, maana kibali kilichotundikwa ukutani kinasema kukanda ruksa, kupasha joto ruksa, mazoezi ruksa, kuvuta shingo na kuvuta mgongo mpaka ualike marufuku, na aliyekileta ni huyu huyu anayegumia kwenye mto, "Daktari, nifanyie ile ya mama yako," ile ipi, mzee, "usinichezee wewe, ile ya kle! mtu anaamka anakwenda zake," na hapo ndipo penyewe, akimvuta amejishitaki kwa mikono yake, asipomvuta basi ni wa chuo tu, wa makaratasi, siyo mtoto wa Agustina aliyekuwa analetewa watu kwa machela kutoka Manchira na Nata… "Philo!" huyo ni Maua, muuza vitenge, anasubiri zamu ya goti lake kwenye benchi la nje na sasa kichwa chote kiko dirishani, "leo umeilaza serikali! Iminye, mama, iminye mpaka itoe lami!" na benchi zima linacheka, na afisa naye anacheka, kisha anakoma ghafla maana kicheko kinapita kiunoni, aa, aa, polepole… na kama ni mtego? watu wa ofisi wana akili za ajabu, lakini jasho hili si la mtego, misuli hii imekaza kama kamba ya kisimani, mguu unasikia ganzi, mzee? "hakuna ganzi," haja ndogo inatoka vizuri? "inatoka, ni kiuno tu, we vuta, nani ataona, nitasema nimejaribu kwa mgongo wangu mwenyewe, nitawapendekezea wakuongezee kuvuta kwenye kibali, haki ya Mungu," na si ndicho alichokuwa anakidai? si Philomena huyu aliyesimama kwenye kikao cha watu wa tiba pale Mugumu akasema mnamfunga mtu mikono halafu mnamwambia atibu, watu wakapiga makofi, hata mzee Magige, mkandaji mkongwe, akasimama kabisa, na leo sheria yenyewe imemlalia mbele yake, haina hata shati, inamwomba… "ilinianza nilipokuwa nasukuma fahali," anasema afisa, sauti imeshuka, "hee, nilikuwa na fahali, Philomena, mweusi, paji jeupe, ukimwita anageuka kama mtu," na kiuno kinalegea, hivi hivi, chini ya viganja vyake, kinaachia kama mlango uliosahauliwa kufungwa, na Mama huyo anamjia, Mama akiwauliza wagonjwa wake, na ng'ombe wako, tata, hawajambo? wa rangi gani? yupi uliyemtoa mahari ukalia? mtu anaeleza, anaeleza, akimfikia anayempenda mwili unasahau kujilinda, na katikati ya neno, kle! kabla hajamaliza jina la ng'ombe, na ndiyo sasa, sasa hivi, paji jeupe, anageuka kama mtu, vuta… na mikono haivuti. Haivuti, na hata kibali hakukiwaza, hilo ndilo linalomtoa jasho, hakukiwaza kabisa, macho hayakwenda ukutani, ni mikono tu imekataa kama punda, na imekataa tangu lini? ni mgonjwa gani amewahi kumvuta, hata mmoja, tangu Mama afariki? hata kabla ya marufuku alikuwa anasema njoo wiki ijayo, mwili bado una moto, tuanze na mazoezi kwanza, na siku kibali kilipokuja na lile neno hapana alilala usingizi mzito, mtamu, wa mtu aliyefutiwa mtihani, kisha asubuhi akaamka akaenda kupiga kelele… "alikufa yule fahali," anasema afisa, "ugonjwa tu," na kiuno kinafunga tena, kigumu, nafasi imepita, nje Maua anauliza, vipi huko, ameshazaa? na viganja viko pale pale, mafuta yamepoa, na afisa anapumua kwenye mto, anapumua, kisha, "nimekuelewa, Daktari, wewe huvuti, mwingine angenivuta ili anifurahishe, wewe mtu wa msimamo, nitalisema kila ninapokwenda," "huyo!" anadakia Maua, "huyo haogopi mtu!" na Philomena, ambaye hata mahubiri huyaacha katikati akinusa uongo, anausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, taratibu, kwa sauti safi ya ofisini, sheria ni sheria, mzee.