Kishungi Tumboni mwa Shemeji

Mshonaji alikuwa amepiga magoti mbele ya banda la kuku, akishonea wavu wa waya kwenye fremu ya mlango kwa sindano nene ya magunia. Aliamini mshono kuliko msumari. Msumari, alisema, hung'oka bila kuaga. Mshono hulegea kwanza, ukamwonya mwenye nyumba.

Nyuma yake, juu ya kigoda, alikaa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, amevaa koti refu. Chini ya koti walijibana kuku wachanga kumi na mmoja. Alikuwa akija kila jioni, mwezi wa pili sasa.

Ilianza siku Kishungi alipotoweka. Kishungi ndiye aliyekuwa mama wa vifaranga hao, na wakati huo walikuwa na wiki mbili tu. Mshonaji alikuwa amewapaka mgongoni rangi ya zambarau iliyobaki kwenye kazi ya vitambaa, ili mwewe akitazama chini asione chakula. Asubuhi alikuta vifaranga wote wapo, komeo limefunguliwa vizuri, na mama yao hayupo.

Kesho yake shemeji alipita kusalimia. Kabla hajajibiwa salamu, tumbo lake likaita: ko, ko, ko. Ni ile sauti ya kuku aliyeokota punje akawaita wanawe. Vifaranga wakatoka mbio na kuingia chini ya koti.

"Gesi, shemeji," alisema, akijishika kiuno.

"Gesi hiyo inalea," alisema mshonaji.

Shemeji aliporudi kwake walimfuata barabara nzima, mstari mmoja wa zambarau. Jirani muuza mkaa alimwamkia na kumuuliza kama wanawe wote wamefanana na mama. Mshonaji aliwafuata na kapu, akawarudisha. Usiku kulikuwa na baridi, nao wakalia mpaka alfajiri. Kwa hiyo asubuhi alikwenda kwa shemeji, akamwambia awe anakuja jioni kukaa nao mpaka wapate manyoya. Shemeji hakukataa. Kuandamwa na vifaranga barabarani kulikuwa kumemchosha.

Kesi ilipelekwa kwa baba mkubwa, mkuu wa ukoo. Alisikiliza pande zote mbili. Kila mara tumbo la shemeji lilipoita alinyamaza, kama mtu anavyomsubiri mgonjwa amalize kukohoa.

"Wahenga walishasema," alisema hatimaye. "Kuku wa mkata hatagi. Akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe."

"Huyu alitaga, baba mkubwa. Akaangua, akalea. Na mwewe hafungui komeo."

"Mwanangu, kuku walikuwa wa marehemu. Cha marehemu ni cha ukoo. Ndugu hamwibii ndugu."

"Na huyo anayeita tumboni?"

"Huyo yuko nyumbani," alisema baba mkubwa, akaomba maji ya kunywa.

Mshonaji alirudi akapima mlango wa banda. Lile komeo la nje alilitupa, akachonga jingine la kufungia kwa ndani, lenye kamba inayopita ukutani hadi chumbani kwake. Kilichobaki kilikuwa wavu.

Sasa alikuwa ameshona nusu ya chini. Rangi ya zambarau ilikuwa imewatoka kuku pamoja na manyoya ya utoto, imebaki kidogo kwenye ncha za mabawa.

"Yule mtetea mwenye doa shingoni amenona," alisema shemeji.

"Bado hajataga hata mara moja."

"Akishataga nyama inakuwa ngumu. Jumapili nina wageni."

Mshonaji alivuta uzi, akakaza fundo. Tumbo la shemeji likatoa sauti nyingine, nene, ya kuburuta, ambayo kila kuku huifahamu tangu ndani ya yai, ya mama anayeonya. Mwewe.

Mshonaji alitazama juu. Anga lilikuwa tupu, halina hata wingu. Kuku wakachomoka chini ya koti kila upande, mmoja akipitia kwenye mkono wa koti, wakakatiza ua wakiwa wameinama na kuingia bandani. Mwenye doa shingoni alitangulia.

Shemeji naye alikuwa ameinua uso, mkono juu ya macho. "Yuko wapi?"

"Yupo karibu," alisema mshonaji. "Nipishe kigoda, shemeji."

Alisimama, akampisha. Mshonaji aliufunga mlango, akakiegemeza kigoda kwenye nusu yake ya juu iliyokuwa bado wazi, akakifunga kwa uzi uliobaki. Giza lilikuwa limeanza kumfichia tundu la sindano.

"Basi Jumapili," alisema shemeji, akifunga vifungo vya koti. Sauti ile nene iliendelea tumboni mpaka alipopinda kona kwa muuza mkaa.

Mshonaji aliichomeka sindano kwenye wavu, pale pale atakapoanzia kesho.