Maji ya Kusuuzia Matangi

Bi Pipa aliinama ndani ya tangi tupu, akasugua utelezi mpaka bega likawaka moto. Katika tangi la jirani, watoto wa kamba koche walizungushwa na maji taratibu: bapa, miguu kama ya buibui, mwili kioo kitupu. Uchafu kidogo tu, wanakufa. Ndiyo maana kila siku walihamishiwa tangi lililosuuzwa kwa maji matamu ya kisima cha kampuni iliyowafuga. Tangu kisima hicho kichimbwe, visima vya mtaani viligeuka chumvi. Mjukuu wake mchanga aliogeshwa hiyo hiyo chumvi, ngozi inambanduka.

Kutoka na dumu ni kufukuzwa. Basi Bi Pipa alivaa magauni matatu, moja juu ya jingine. Akimaliza kusuuza anajimwagia, anatoka akichuruzika, anakwenda kuyakamulia kwenye beseni nyumbani.

"Unaingia ndoo, unatoka pipa," wenzake walimtania, jina likaganda. Halafu nao wakaanza kulowa.

Leo getini alisimama meneja, pamoja na mlinzi.

"Mama, kamua nguo hapo chini."

"Nimelowa kazini, mwanangu."

"Kila siku?"

"Kazi yenyewe maji. Ungeniajiri kwenye mkaa ningetoka mweusi."

Mlinzi, ambaye naye alikaa mtaa ule ule wa visima vya chumvi, alicheka, akakumbuka mshahara, akanyamaza.

"Kamua, au kesho usije."

"Wa kwako wa tangini wanabadilishiwa maji kila siku, hata kulia hawajui. Wa kwangu analia mpaka sauti inakauka."

"Nimesema kamua."

Nje, binti yake alikuwa amefika kumpokea, mtoto mgongoni, beseni la bati mkononi. Bi Pipa akamwita. "Mwanangu, nipe hilo beseni." Likasukumwa chini ya geti. Akashika pindo, akalisokota juu ya beseni, maji yakalia kwenye bati.

"Unafanya nini?"

"Si umesema nikamue?"

Wanawake wenzake, waliopanga foleni nyuma yake wakichuruzika, wakaangua kicheko. Meneja hakucheka.

"Mwaga," akamwambia mlinzi.

Mlinzi akamwaga. Mchanga ukanywa, ukabaki doa. Bi Pipa akalirudisha beseni pale pale. Mwenzake wa nyuma akasogea, akaanza kukamua.

"Mwaga."

Mlinzi akainama. Alipoinuka mikono yake ilikuwa imelowa. Akajipangusa uso nayo, taratibu, mpaka shingoni, beseni likimsubiri miguuni, maji bado yamo.